Hema Huozea Stoo

Mpelekee fundi mzoefu hema la turubai lililokunjwa, kisha umtazame anavyoanza kazi. Hatakimbilia kutafuta matundu. Atalegeza kamba, atafungua mkunjo mmoja au miwili, atainama na kunusa. Harufu ya vumbi na nyasi kavu haimsumbui. Harufu ya koga, ile ya nguo mbichi zilizosahauliwa ndani ya beseni, humfanya akunje uso, maana hapo ameshajua kwamba uzi na kiraka havitatosha. Kisha atashika kitambaa kwa vidole vya mikono miwili na kukivuta. Turubai zima hukataa. Turubai lililooza huachia kwa mlio mdogo mkavu, na likishaachia hakuna cha kujadiliana: eneo lote lile ni la kukatwa.

Watu wa safari, kuanzia Arusha na Karatu hadi Nairobi, hupenda kusimulia habari za mahema yaliyochanwa na nyani au kuangukiwa na tunda la mvungunya, ambalo huwa na uzito wa kilo kadhaa na likidondoka usiku halichagui paa la nani. Visa hivyo vipo, na baadhi yake ni vya hatari kweli. Lakini majeraha ya namna hiyo hushonwa yakapona. Mahema mengi yanayotupwa hayakufia porini. Yamefia stoo, yakiwa yamekunjwa vizuri na kupangwa kwenye rafu, kwa sababu siku ya kuondoka yalifungwa yakiwa na unyevu na hakuna aliyeyafungua tena hadi msimu ulipofika.

Ili uelewe kwa nini unyevu una nguvu kiasi hicho, itazame pamba yenyewe. Turubai la asili ni nyuzi za pamba zilizofumwa kwa kubanana sana. Likiwa kavu lina vitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupitisha hewa na jasho la waliolala. Ndiyo maana ndani ya hema la turubai hakuna ule ufukuto wa hema la plastiki. Mvua ikianza, nyuzi hunywa maji, huvimba, na vitundu hujifunga vyenyewe. Hema la pamba linazuia maji kwa sababu limelowa. Hapo ndipo panapotoka mambo mawili ambayo wengi huyachukulia kama ushirikina wa mafundi. La kwanza: hema jipya lazima lisimamishwe, limwagiwe maji mpaka lilowe kabisa, liachwe likauke, na zoezi lirudiwe mara moja au mbili kabla ya safari ya kwanza. Nyuzi zinajipanga upya, na matundu ya sindano kwenye mishono yanazibwa na uzi unaovimba. Anayeruka hatua hii atavujiwa usiku wa kwanza na kumlaumu mshonaji bure. La pili: mvua inaponyesha, usiguse paa kwa ndani wala usiegemeze begi ukutani. Ukigusa, unayavuta maji yapite, na pale ulipogusa patadondosha hadi asubuhi.

Sifa hiyohiyo ya kunywa maji ndiyo inayoliua hema. Kuvu wanaosababisha koga hula selulosi, na pamba karibu yote ni selulosi. Wanahitaji unyevu, joto kidogo na hewa iliyotulia, yaani wanahitaji hema lililokunjwa. Katika hali ya joto kama yetu, siku moja au mbili zinatosha wao kuanza. Mahema mengi ya kampi sasa hushonwa kwa mchanganyiko wa pamba na poliesta, na wenye mali hudhani poliesta imewaokoa. Kuvu hawaili poliesta, ni kweli, lakini wanaendelea kula pamba iliyo pembeni yake. Kinachobaki ni kitambaa kinachoonekana kizima ila hakivimbi tena, na paa linakuwa chujio.

Fikiria sasa ratiba ya kampi za kuhamahama za Serengeti. Kuanzia Desemba hadi Machi zinakuwa kusini, upande wa Ndutu, nyumbu wanapozaa; kati ya Julai na Oktoba zinakuwa kaskazini, karibu na mto Mara. Katikati ya hapo kuna masika. Aprili na Mei kampi nyingi hufungwa, barabara za udongo mweusi hazipitiki, na mahema yanang'olewa kwa haraka kati ya mvua moja na nyingine ili lori liondoke kabla halijakwama. Yanafika stoo yamelowa, na wafanyakazi wanakwenda likizo. Yaani mahema hupumzishwa katika miezi ileile ambayo kuyahifadhi ni kugumu kuliko yote. Kwenye ukingo wa Ngorongoro, mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, hata kiangazi ukungu huteremka usiku na kulowesha paa. Asubuhi turubai linaonekana kavu kwa juu huku mapindo yake yakiwa mabichi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya matengenezo ni kuanika, na kuanika kuna ufundi wake. Turubai la paa hukauka mapema. Kinachochelewa ni sehemu nene: mishono iliyolaliana, pembe zilizoongezewa kitambaa, mifuko ya ukutani, mapindo ya milango yanayopita zipu, na lile pindo la chini linalogusa ardhi. Usiziamini kwa kuzitazama. Ziguse kwa nyuma ya kiganja au uziweke shavuni. Mshono ambao bado una maji unakuwa wa baridi kuliko kitambaa kilicho jirani, kwa sababu maji yanapokauka huondoka na joto. Hema likunjwe pale tu mshono na kitambaa vina joto moja. Geuza ndani nje, anika upande wa pili, na sakafu nayo usiisahau. Kama mvua imekulazimisha kufunga hema bichi, lifungue ndani ya saa 24, hata kama ni kulitandaza juu ya meza za mkahawa au kulining'iniza kwenye korido ya shule.

Jua linasaidia kukausha, ila lina deni lake. Miale yake huvunja nyuzi polepole, na hema lililosimama mwaka mzima bila kivuli huanza kuchakaa paa likiwa la kwanza. Dawa yake ni paa la nje, turubai la pili linalotandazwa juu ya hema na kuachiwa nafasi ya hewa. Hilo ndilo lichomwe na jua. Kulibadilisha ni gharama ndogo ukilinganisha na kushona hema upya, na mwenye kampi anayelikwepa ili kubana matumizi anachoma mtaji wake.

Katika kusafisha, makosa hutokana na bidii. Kijana wa kampi anaona tope, anachukua sabuni ya unga na brashi ngumu, anasugua mpaka turubai linang'aa. Ameondoa tope pamoja na dawa ya kuzuia maji, na sabuni iliyobaki ndani ya nyuzi itayaita maji yaingie. Tope liache likauke kwanza, kisha lipukute kwa brashi laini. Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti viondolewe mapema kwa maji matupu, maana vikikaa huchimba. Koga ikishaingia, ipakwe siki iliyozimuliwa kwa maji, iachwe ifanye kazi, isuguliwe taratibu, isuuzwe, kisha hema likae juani mpaka likauke kabisa. Madoa meusi yanaweza kubaki, na hayo si hoja. Hoja ni kuwa kuvu wamekufa. Klorini usiiguse. Itakupa weupe wa siku chache na kitambaa kinachochanika kama karatasi.

Baada ya kuoshwa, na kila paa linapoacha kuviringisha matone, turubai linahitaji kupakwa dawa upya. Dawa za maji hupakwa kwa brashi au bomba kitambaa kikiwa na unyevu kidogo. Zile za mafuta hutaka kitambaa kikavu. Kuna njia ya zamani ya kuyeyusha nta ya nyuki pamoja na nta ya mishumaa, na bado inafanya kazi nzuri kwenye mifuko ya vigingi, vifuniko vya mizigo na mabegi ya zana. Kwa hema la kulala siishauri. Nta huziba pumzi ya pamba, huongeza uzito, na hushika moto haraka. Wanaochanganya mafuta ya mbegu za kitani wajue pia kwamba matambara yaliyolowa mafuta hayo, yakirundikwa pembeni, hupata joto yenyewe hadi kuwaka. Yatandazwe nje yakauke, au yaloweshwe maji kabla ya kutupwa.

Tuje kwenye kushona. Mpasuko wa kawaida kabisa wa hema una umbo la pembe mraba, kwa sababu kijiti kikichoma na upepo ukivuta, nyuzi za mlalo na za wima hukatika zikifuatana. Fundi asiye na subira huokota pembe hizo mbili, huzikusanya kwa mshono mmoja na kuondoka. Matokeo yake ni makunyanzi, na makunyanzi ni kidimbwi cha maji. Fundi anayejua hutandaza pale mahali juu ya ubao, huzirudisha nyuzi zilipokuwa, kisha huunganisha kingo bila kuzipandisha moja juu ya nyingine, kwa mshono wa mkono unaokwenda kushoto na kulia mfano wa mifupa ya samaki. Mshono huu hauvuti. Unazuia tu mpasuko usiendelee.

Kisha kinakuja kiraka. Kikatwe kutoka turubai la uzito uleule, na ikiwezekana kutoka hema kuukuu lililokwisha kustaafu, kwa kuwa turubai jipya bado litarudi likilowa na kukunja kila kilicho jirani. Nyuzi zake zielekee zinakoelekea nyuzi za hema. Kipite mpasuko kwa vidole viwili au zaidi kila upande. Pembe zake ziviringwe, kwa sababu pembe kali ndizo zinazoanza kunyanyuka. Kingo zikunjwe kwa ndani, na zishonwe mistari miwili: mmoja ukingoni kabisa, wa pili ukiwa umeingia ndani kidogo. Mishono isiwe midogo mno. Sindano ikipita karibu karibu sana inatoboa turubai kama stempu, na siku ya upepo kiraka kizima kinang'oka kikiwa kimezungukwa na mstari mzuri ulionyooka.

Kwenye uzi watu hukosea bila kujua. Uzi mnene wa nailoni wa kushonea viatu una nguvu kuliko turubai lenyewe, na kwa hiyo hulikata. Tena hauvimbi, kwa hiyo kila tundu la sindano linabaki wazi. Uzi unaofaa ni ule wenye kiini cha poliesta uliovikwa pamba: kiini kinabeba mzigo na pamba inaziba tundu. Ukiukosa, pitisha uzi ulionao kwenye nta kabla ya kushona. Porini, mbali na cherehani, shazia au sindano iliyopinda, msharasi na kipande cha ngozi cha kukinga kiganja vinatosha kuokoa safari. Mjini, wapelekee mafundi wa viti vya magari. Cherehani zao nzito zinapitisha tabaka nne za turubai bila kulalamika, wakati cherehani ya nguo itavunja sindano na kukorofisha mshono.

Mafundi wa tanga wa Lamu na Unguja wana somo ambalo washona mahema wengi wamelisahau. Tanga la jahazi halifungwi kwa kitambaa chenyewe. Ukingo wake hushonewa kamba, na kamba hiyo ndiyo inayopokea nguvu ya upepo na kuipeleka kwenye foromali na demani. Kitambaa kinashika upepo tu. Hema nalo lishonwe hivyohivyo. Pale pete ya shaba inapong'oka, tatizo si pete. Ni kwamba kamba ya kuvutia inaning'inia kwenye kitambaa kitupu. Ongeza mkanda imara unaotoka kwenye pete ukapanda juu ya mshono mkubwa, ndipo ugonge pete mpya. Ukigonga pete mpya kwenye tundu lilelile bila mkanda, utaigonga tena msimu ujao.

Zipu ndizo zinazovunja moyo. Hema la milioni kadhaa linaacha kufungika kwa sababu ya kipande cha chuma kidogo kuliko ukucha. Jambo la kujua ni kwamba mara nyingi meno hayana kosa. Kilichoharibika ni kitelezi. Vumbi la Serengeti, ambalo kwa sehemu ni majivu ya volkano, hukisaga kwa ndani kila kinapopita, kidogo kidogo, mpaka mdomo wake unapanuka na kuacha kuyabana meno. Utaona zipu inafungwa mbele huku nyuma inaachia. Chukua koleo, bana upande mmoja wa kitelezi kwa nyuma, kidogo sana, kisha upande wa pili, ujaribu, ubane tena. Ukitumia nguvu kinapasuka. Hiyo inakupa wiki au miezi. Tiba kamili ni kununua kitelezi kipya cha namba ileile, iliyoandikwa mgongoni, ukaondoa mishono ya kizuizi cha mwisho, ukakiingiza, ukashona tena. Kung'oa zipu nzima kwa sababu ya kitelezi ni hasara. Na kabla ya yote hayo, brashi ya meno kila asubuhi ili kutoa vumbi, na kipande cha mshumaa kupakwa kwenye meno. Mafuta ya kupikia au grisi hukusanya mchanga na kuharakisha kifo.

Kamba zina tabia zinazopingana. Ya katani ikilowa hufupika, kwa hiyo mvua ikija lazima ilegezwe, la sivyo itang'oa kigingi au kuchana pembe ya hema. Ya nailoni ikilowa hurefuka, nayo inataka kukazwa. Anayechanganya aina mbili kwenye hema moja atakuwa na upande unaovuta na upande unaolegea usiku huohuo. Mchwa nao wasidharauliwe: hema la pamba lililoachwa juu ya ardhi, au kwenye stoo yenye sakafu ya udongo, wataliingilia kwa chini bila kuonekana. Liwe juu ya mbao au rafu za chuma, mbali na ukuta.

Mahema ya mlimani ni ukoo mwingine. Yale ya nailoni na poliesta yanayopandishwa Kilimanjaro hayaliwi na kuvu kwa namna ileile, lakini utando wao wa ndani wa kuzuia maji huvunjwa na unyevu na joto. Ukifungua hema ukakuta linanata na kunuka vibaya, utando huo umeanza kuachia, na hakuna kiraka kitakachourudisha. Hapa pia chanzo ni kulihifadhi likiwa bichi. Nguzo za alumini zikivunjika huokolewa kwa bomba fupi linalovishwa juu ya mvunjiko na kufungwa kwa utepe wa gundi. Kila kiongozi wa msafara abebe moja. Mifuko ya kulalia isifungwe kwa kubanwa miezi mingi, kwa maana manyoya yakishalala hayainuki tena vizuri. Iachwe ndani ya gunia kubwa la kitambaa. Na jiko la mafuta ya taa la kupampu linapokosa nguvu, kabla ya kulaumu kichomeo, toa mpini wa pampu na utie matone ya mafuta kwenye kile kingozi cha ndani. Mara nyingi kimekauka tu.

Uzito nao uhesabiwe. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipotua Mombasa mwaka 1909 kwa safari yake ya kuwinda, mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 60 hivi, karibu kilo 27. Leo Kilimanjaro ukomo ni kilo 20. Hema lililopimwa kavu langoni na kufungwa limelowa asubuhi ya siku ya tatu si mzigo uleule tena, na anayebeba tofauti hiyo ni kijana mwenye viatu vya kuazima. Kulikung'uta na kulisubiri nusu saa ya jua ni haki yake.

Nimeandika muda wote kama vile hema ni chombo cha watalii. Kwa watu wengi wa ukanda wetu ni nyumba. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na 2015 ikapokea wimbi kubwa la Warundi. Kwa upande wa Kenya, kambi ya Dadaab ilianza 1991, Kakuma 1992. Hema la familia la UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, lina mita za mraba 23, na 16 kati ya hizo ndizo chumba chenyewe. Turubai lake la nje ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, na limekusudiwa kudumu angalau mwaka mmoja. Familia nyingi zimekaa kambini miaka mingi kupita huo. Yote yaliyosemwa juu yanahusika huko kwa uzito mkubwa zaidi: kivuli cha nyasi au turubai la pili juu ya paa, mfereji mdogo wa kuzunguka ili pindo la chini lisilale majini, kuta kukunjwa juu mchana ili upepo upite, mpasuko kushonwa siku ileile ulipotokea ukiwa wa kidole kimoja. Mashirika yanayogawa mahema yagawe pia shazia, uzi wenye pamba, nta na vipande vya turubai, na yawalipe mafundi cherehani walio ndani ya kambi, ambao hawakosekani, wafanye kazi hiyo.

Nawe mwenye kampuni ya safari, mkuu wa shule yenye kikosi cha skauti, au mzazi uliyenunua hema la kwenda Mikumi na watoto: ratiba yako isiishie siku wageni wanapopanda gari. Ongeza siku mbili za kuanika na kukagua, ziandike, zilipie, na mpe mtu mmoja jukumu hilo kwa jina lake. Kisha katikati ya masika, siku ya kwanza jua linapochomoza, mwambie afungue stoo na kutoa kila hema nje.